Visu Vitatu vya Mama, Kutoka Chula hadi Uwanja wa Ndege

Mtu akikutwa na visu vitatu ndani ya mkeka, katika nchi yenye vita, atasema ni vya nini? Swali hilo lilinikosesha usingizi wiki nzima kabla sijaondoka Mombasa, na kila nilipolijibu lilizaa jingine. Nikisema ni vya mama, wataniuliza mama yuko wapi. Nikisema yuko kambini Mombasa, wataniuliza mbona visu viko huku. Nikisema anahamia Uingereza na hataki kwenda bila visu vyake vya jikoni, nani ataniamini? Hata mimi niliyemsikia kwa masikio yangu sikuamini siku ya kwanza.

Tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, wengine bombani, wengine baada ya sala, na kila mmoja nimempa kipande chake. Wengine mnataka habari za Ras Kamboni, wengine mnauliza kisu hiki kidogo ninachomenyea viazi nimekipata wapi. Sasa nayaandika yote mara moja, mpeane. Mambo ya fomu na vibali mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo nimeyaruka.

Kwa wasiomjua mama yangu, Bi Mwanaesha alikuwa mpishi wa karamu Kismayo. Visu vyake vitatu vilifuliwa na mhunzi wa pale mjini kwa chuma cha springi ya lori, vikatiwa mipini ya mti wa mkoko. Kikubwa ni cha kuchinjia, na hakigusi kitu kingine, hata kitunguu. Cha pili, chembamba, ni cha samaki. Cha tatu, ambacho makali yake hayazidi urefu wa kidole, ni cha vitunguu na kila kazi iliyobaki.

Tulipoukimbia mji, mwaka wa kwanza wa vita, tulipitia kisiwani Chula kwa mdogo wake, mama mdogo Tima. Chombo kilichotuchukua hadi Kenya kilikuwa kimejaa watu, na nahodha akasema vyuma vyote vibaki. Mama aliviweka visu vyake sakafuni, mama mdogo akaviokota. Ndivyo ilivyo nyumbani kwetu. Kisu hakitoki mkono kwa mkono, kwa sababu mkipeana hivyo mtakuja kugombana. Unakiweka chini, na anayekitaka anakiokota mwenyewe. Nimelelewa hivyo, na mkono wangu hauulizi tena sababu.

Kisha dada yangu Rukia, aliye Uingereza, akafanikiwa kumwita mama. Akamwambia kwa simu kwamba huko visu vimejaa madukani, vya kila namna.

"Vya dukani havinijui," mama akajibu.

Akasema hapandi ndege bila visu vyake, na tangu hapo hakutaka kulizungumza tena. Safari yake ilikuwa imebakiza wiki tano, na sote tulijua kwamba nafasi kama ile ikipita hairudi. Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Nina shahada ya hesabu kutoka chuo kikuu cha Mogadishu, niliyoipata miezi michache kabla ya mji kuwaka, na sina kazi. Nani mwingine angetumwa?

Mombasa hadi Kiunga

Basi lilikwama kwenye tope kabla ya Garsen. Tulishuka, tukasukuma, tukapanda, likakwama tena. Mwishowe dereva akavua viatu, akakaa chini ya mti akala embe, nasi tukajua kwamba siku imekwisha. Akina mama wa kijiji cha karibu walituletea ndizi za kuchemsha na samaki wa mtoni, wenye ladha ya udongo. Nilikula wawili.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mzee wa Pate muuza mafuta ya simsim, mpole, mwenye kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, iliyofuliwa mpaka ikawa nyeupe kama karatasi. Nilimwona ni mtu aliyeiona dunia, nikasema nimuulize bila kujifunua. Nikamwuliza, kwa mfano tu, ikiwa kijana anasafiri na visu vitatu vikali, kimoja kikubwa cha kuchinjia, na hataki watu wavione, yeye angemshauri avifiche wapi.

Mzee alinitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama nimeoa. Nikasema bado, ila nilikuwa na mchumba na amekwenda na wazazi wake Yemen. Akatikisa kichwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu," akasema, "hata kama amekufanyia nini, mwache aende zake. Mungu atakupa mwingine."

Nilijaribu kumweleza, lakini kila nilipotaja visu alizidi kunibana mkono. Mpaka tunafika Mokowe, kwenye gati ya kuvukia Lamu, alikuwa akinisomea dua kimoyomoyo, na tulipoagana alinipa kichupa cha mafuta ya simsim, nijipake kifuani ili moyo upoe. Nilijipaka. Sikuona tofauti.

Kutoka Lamu nilipata chombo cha mashine hadi Kiunga, na Kiunga nilisubiri siku nne. Sikuchukia. Mwenyeji wangu alikuwa mke wa binamu yake baba, na kila asubuhi alioka mikate ya mofa, ile ya mtama, tukaila kwa samaki wa jana na chai ya tangawizi. Wageni wa kutoka visiwani walikuwa wengi mji mzima, wengine walikuwa wamelala barazani kwa watu wasiowajua, na hakuna aliyeulizwa atakaa hadi lini. Mimi niliuliza maswali tu. Je, upande wa pili wanapekua? Wanapekua nini? Wakikuta chuma wanafanya nini? Siku ya tatu yule mama aliniambia nikiuliza jambo jingine kabla ya kumaliza chai, atanipa kazi ya kutwanga.

Kiunga hadi Chula

Mze Kassim, nahodha aliyenichukua, alikuwa akipeleka unga visiwani. Ni mtu wa maneno machache, na machache hayo huwa ni ya kukucheka. Ras Kamboni, mara tu baada ya mpaka, vijana wenye bunduki walishuka ufukweni, wakahesabu magunia, wakachukua mawili, wakatuacha. Mimi nilikuwa nimejitayarishia majibu kumi na mawili. Hakuna aliyenitazama.

"Ulikuwa unasali?" Mze Kassim aliniuliza tulipotoka. "Nimeona midomo inakwenda."

Nikasema nilikuwa najikumbusha majibu.

"Ya maswali gani? Huna kitu."

Ni kweli. Wakati wa kwenda sikuwa na kitu. Lakini nilijua nitarudi nacho, kwa hiyo niliyarudia majibu yale mpaka tulipoingia Chula.

Chula

Nyumba nyingi zilikuwa wazi. Milango imeng'olewa na fremu zake, na mahali pake watu wametundika mikeka. Mama mdogo Tima alitoka nyuma ya mkeka wa mlango wake, akanitazama juu mpaka chini.

"Famau, umekonda hivi? Huko kambini wanakulisha karatasi?"

Alinikalisha na kunipikia mchuzi wa papa mkavu kwa nazi, kisha ndipo akalia kidogo, akajipangusa kwa leso, akaniongeza wali. Nilipouliza habari za visu nilinong'ona. Yeye alinyanyua kidevu tu kuelekea ukutani. Vilikuwa pale, juu ya mafiga, kila kimoja na msumari wake, mipini imekuwa myeusi kwa moshi.

Nikamwuliza watu wa bunduki wameingia mara ngapi humo ndani. Mara tatu, akasema. Cherehani aliizika nyuma ya nyumba, wakaichimbua. Redio aliitia ndani ya nailoni akaitumbukiza kisimani, wakaivua. Sahani za harusi yake alizificha darini, wakapanda.

"Na visu, vilikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Nani atazame jiko la mwanamke? Mchu," yaani mtu kwa lugha ya kule, "akiingia humu anakohoa, anatoka."

Nilikaa siku mbili nikishindwa kumwomba. Nilikuwa nimefikiri mengi juu ya visu vikiwa njiani, lakini sikuwa nimefikiri kwamba mama mdogo anavitumia kila siku, na kwamba nikivichukua namwacha mikono mitupu mahali ambapo hakuna duka lililobaki. Nilipanga nimwambie mama kwamba vimeibwa. Kisha nikaona kwamba mama atajua. Kisha nikapanga nichukue kimoja. Siku ya pili alasiri mama mdogo alinikuta nimekaa mbele ya mafiga, navitazama.

"Unaona haya kuviomba?"

Nikasema naona haya.

"Wewe ulidhani nakata samaki kwa meno? Ninavyo vyangu." Akatoa kikapu kilichokuwa na visu viwili vya bati, vibaya, vilivyopinda. "Hivi vya dada yangu nilikuwa namtunzia. Kisu kisipotumika hufa."

Alivinoa kuanzia alasiri hadi magharibi, kwa kinoo na maji, bila haraka, akijaribu makali kwenye ukucha wake. Alipomaliza alivipangusa, akavilaza juu ya mkeka mbele yangu, kikubwa, chembamba, kidogo. Nikaviokota kwa mpango huo huo.

Sasa ikaja kazi ya kuvificha. Kila kisu nilikizungushia kitambaa cha leso kuukuu, nikakifunga kamba. Vyote vitatu nikavitia kati ya mkeka, nikauviringisha, nikaufunga mahali saba. Mkeka nikautia ndani ya gunia, na juu yake nikajaza papa mkavu, kwa hesabu kwamba hakuna mpekuzi atakayevumilia ile harufu. Mama mdogo alisimama na mikono kiunoni.

"Visu vya kupikia," akasema, "na unavizika kama maiti."

Chula hadi Ras Kamboni

Mze Kassim alirudi kutoka kisiwa cha Ngumi akanipakia. Tulikwenda vizuri mpaka Ras Kamboni, na hapo mashine ikazimika na kukataa kuwaka. Kilihitajika kifaa kutoka Kiunga. Mtu alitumwa kwa miguu, na sisi tukakaa ufukweni kusubiri.

Vijana walikuwa sita, na kibanda chao kilikuwa hatua chache kutoka tulipokaa. Mkubwa wao aliitwa Dheere, kwa maana ya mrefu, na kweli alikuwa mrefu, umri wake kama wangu. Siku ya kwanza walitupita tu. Walitupa chai. Mimi nilikaa juu ya gunia langu. Niliwaza kwamba nikiliacha litapekuliwa, kwa hiyo nililikalia, nikala nimelikalia, nikalala nimeliegemea. Mze Kassim aliniambia mara mbili niinuke nikanyooshe miguu. Nilikataa mara mbili.

Siku ya pili asubuhi Dheere alikuja, akachuchumaa mbele yangu.

"Walaal," akaniita, yaani ndugu, "gunia lina nini?"

"Papa."

"Papa mkavu?"

"Mkavu."

Alilitazama gunia, akanitazama mimi. Akasema, bila hasira, kwamba yeye ni mtu wa pwani, amekula papa tangu utotoni, na hajawahi kuona mtu akikaa juu ya papa siku mbili. Akasema baada ya sala ya adhuhuri tutalifungua wote pamoja, tuone papa wa namna gani huyo. Akaondoka.

Saa zile zilizobaki sitaki kuzikumbuka sana. Nilikuwa nimeona jinsi watu wanavyofungua vitu. Niliwaza kwamba watavichukua visu, na mama atabaki kambini, na nafasi yake itapita, na wakati wa kuzeeka kwake ataketi mlangoni mwa turubai akiniangalia. Niliwaza pia kwamba wataniuliza kwa nini nimevificha, na kwa swali hilo, kati ya majibu yangu yote kumi na mawili, sikuwa na hata moja.

Kabla ya adhuhuri gari lao lilikuja kutoka bara na mbuzi watatu juu yake, wamefungwa miguu. Dereva alipofunga breki mmoja alianguka, akatua vibaya kwa shingo. Alikuwa hai bado, lakini macho yalikuwa yakienda. Mnajua maana yake. Mbuzi akifa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, na pale palikuwa na watu kumi na moja ambao hawajala nyama kwa siku nyingi. Dheere akapaza sauti, kisu, kisu. Mmoja akaleta kisu cha kufungulia makopo, butu kama kijiko. Mze Kassim akatoa cha kukatia kamba, chenye meno kama msumeno, na wote wakasema hapana, hicho ni kumtesa. Dheere akazunguka akiwatazama wenzake.

"Bunduki sita," akasema, "na hakuna kisu."

Naapa kwamba hapo sikufikiri. Labda ni mara ya kwanza maishani. Nilishuka kwenye gunia nikaanza kufungua. Papa wa kwanza, wa pili, wa kumi, wakaruka mchangani. Nikautoa mkeka. Fundo la kwanza likafunguka, la pili likanikataa, nikalifungua kwa meno. Mafundo saba. Watu wote walikuwa wamesimama wakinitazama, na mbuzi naye, kwa jicho lililobaki.

"Fanya haraka, bwana harusi," akasema Mze Kassim, "mbuzi hana siku nzima."

Kisu kikubwa kikatoka kwenye leso. Dheere akanyoosha mkono wazi. Nami nikakiweka chini, mchangani, mbele ya miguu yake.

Mkono wake ulibaki hewani. Sikuelewa nimefanya nini mpaka nilipouona uso wake.

"Unanitupia chini," akasema taratibu. "Mimi ni mbwa?"

Nilimwambia kwa Kisomali kwamba kwetu kisu hakitoki mkono kwa mkono. Anayetaka anaokota. "Ni ili mimi na wewe tusije tukagombana."

Alinitazama, kisha akaitazama bunduki yake mwenyewe iliyokuwa ikining'inia begani, na mdomo wake ukaanza kucheza.

"Tusije tukagombana," akarudia kwa wenzake. "Kwa sababu ya kisu."

Akainama, akakiokota, akapiga magoti, akataja jina la Mungu, akavuta mara moja tu. Haikuhitajika mara ya pili. Kazi ya mama mdogo Tima.

Mbuzi alipotulia, Dheere alikiosha kisu baharini akaja nacho, akipitisha kidole gumba kwenye makali. Aliuliza ni cha nani. Nikamwambia yote: Bi Mwanaesha, mpishi wa Kismayo, kambi, Uingereza, vya dukani havinijui. Akasema huenda alikula pilau yake kwenye harusi fulani, akiwa mdogo, ila harusi zilikuwa nyingi wakati ule. Akakipima uzito mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama na mkeka mikononi, na nilijua kwamba akikipenda hakuna wa kumzuia. Ndipo akainama, akakiweka mchangani mbele yangu, akarudi nyuma hatua moja.

Nikakiokota.

"Na hivyo viwili?" akauliza.

"Hiki cha samaki. Hiki cha vitunguu."

"Siku mbili," akasema, "mtu amekalia kisu cha vitunguu."

Hapo walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tangu saa ile jina langu likawa Basal, kitunguu kwa Kisomali. Basal njoo ule ini. Basal leta kisu chako. Nilikata nyama yote ya mbuzi yule kwa kisu cha samaki, kwa kuwa kile kikubwa, nilipowaambia hakigusi kitu kingine, walikiheshimu. Tulikula kwa mofa na limau. Kifaa cha mashine kilikuja baada ya siku mbili, na ninaona haya kusema kwamba sikuwa na haraka. Visu vilikuwa vimelala juu ya mkeka, wazi, na watu walikuwa wakivipita kwenda na kurudi.

Ras Kamboni hadi Mombasa

Kiunga askari aliniuliza nimebeba nini. Safari hii niliamua kutoficha hata punje. Nikaanza na mhunzi wa Kismayo, nikaeleza springi ya lori, nikafika kwenye cherehani ya mama mdogo. Askari aliinua mkono.

"Kijana, nimekuuliza una nini. Sijakuuliza maisha yako."

"Visu vya jikoni, afande. Vitatu. Na papa."

"Papa kiasi gani?"

Nikamwachia wawili. Hakuvigusa visu.

Mama alinipokea mlangoni pa turubai. Hakunikumbatia kwanza. Alingoja niviweke chini, akaviokota kimoja kimoja, akajaribu makali kwenye ukucha. "Tima bado ananoa kuelekea kwake," akasema. "Nilimkataza tangu utoto." Kisha ndipo akanikumbatia, na hakuniachia haraka.

Kambini hadi uwanja wa ndege

Siku za mwisho kila jirani alikuja na ushauri. Mmoja alisema visu vishonwe ndani ya mto. Mwingine akasema vitiwe ndani ya debe la achari. Shemeji yetu akasema kuna mtu alipita na panga ndani ya mkate mrefu. Mama mwenyewe alitaka vyote vitatu viwe kwenye mkoba wake wa mkononi, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba mabegi makubwa hupotea. Nilimwambia kwamba mkobani havitapita. Tulibishana siku tatu. Mwishowe nilivizungushia karatasi ngumu na leso, nikavilaza katikati ya begi kubwa, na juu yake nikaweka karatasi niliyoiandika kwa herufi kubwa: visu vya jikoni vya Bi Mwanaesha, mpishi. Akakubali. Alikubali upesi mno.

Asubuhi ya safari nilimwona. Alikuwa ameinamia mkoba wake, amenipa mgongo, anapanga upya boksi la halwa alilokuwa akimpelekea Rukia. Nililipapasa begi kubwa. Katikati palikuwa na visu viwili.

Njia nzima nilihesabu kama ninavyojua kuhesabu. Nikisema, ataona haya mbele ya watu, huenda akageuka akarudi nami nyumbani, kwa kuwa alishaapa, na mama ni mtu wa kiapo. Nisiposema na wakakikuta, watamtoa kwenye mstari, watauliza kwa nini amekificha, na nafasi itapita. Nisiposema na wasikikute, atafika na visu vyake vitatu na atacheka nami kwa simu mwaka mzima. Begi kubwa lilipimwa, nikamwambia afisa mwanzo kabisa kuna nini ndani, akasoma karatasi yangu, akatabasamu, likaondoka. Tukasogea kwenye meza ya mikoba. Mbele yetu kulikuwa na watu wanne. Wakawa watatu. Mama alikuwa ameshika mkoba kifuani kwa mikono miwili, amekikalia kisu kwa namna yake kama nilivyolikalia gunia, na mtu yeyote mwenye macho angejua.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo. Aliponyoosha mkono kuupokea mkoba, nikasema.

"Mama yangu ana kisu kimoja kidogo humo, chini ya halwa. Ni cha vitunguu."

Mama hakunitazama. "Kumbe nimezaa askari," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akafungua mkoba mwenyewe, akanyanyua boksi la halwa, akakitoa kisu ndani ya soksi. Afisa alikuwa amefungua kiganja. Mama akakiweka juu ya meza, kando ya kiganja kile. Nilimweleza afisa kwa maneno machache, safari hii machache kweli. Akasema yeye pia ana mama. Ila begi kubwa limeshakwenda, akasema, na kisu hiki hakiwezi kupanda. Kibaki na nani?

Nilingoja mama ageuke arudi. Alisimama pale, mkono juu ya mkoba, na watu nyuma yetu walikuwa wakianza kuguna.

"Famau," akasema, "hapo kambini utamenyea nini?"

"Sina kitu, mama."

"Mtu mzima, msomi, hana kisu." Akakisukuma kidogo kwa ncha ya kidole, mpini ukielekea kwangu. "Ukikitia kutu nitajua."

Hakusogea kuelekea mlango wa ndani. Alikuwa akiutazama mkono wangu. Safari hii sikuhesabu lolote. Nikakiokota, naye akaenda.